Bomba Lililoota Mvi

Mtaani Usagara, pale Tanga mjini, wapo waliooa wake wawili, wapo waliooa watatu, na yupo mmoja aliyeoa wanne wakamshinda. Lakini mtu aliyekaribia kuoa bomba la maji ni mmoja tu. Huyo ni Suleimani Mbwana, aliyekuwa wakala wa kupitisha mizigo mpakani Horohoro, mwenye kitambi cha wastani na maneno yaliyozidi wastani.

Bomba lenyewe lilikuwa la jikoni. Jeusi, lenye shingo ndefu iliyopinda na mkono mmoja wa kufungulia juu yake, na weusi wake haukung'aa hata kidogo. Suleimani aliliona Mombasa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, siku aliyokwenda kumzika binamu yake. Watu walimswalia marehemu, wakamzika, wakamaliza na dua, ndipo Suleimani akatokea makaburini na boksi kwapani. Akasingizia kivuko cha Likoni.

"Mama Shadya, hili ndilo wanaloweka wenzetu siku hizi," alimwambia mkewe akilifungua boksi kwa heshima ya mtu anayefunua kitoto kichanga. "Mambo ya kung'aa yamepitwa."

Mkewe, Asmahani, ni mpambaji wa maharusi. Mikono aliyoichora kwa hina na piko, kuanzia Ngamiani mpaka vijiji vya Mkinga, ingepangwa barabarani ingefika mpakani. Mtu wa kazi hiyo hadanganyiki kwa rangi. Aliligeuza bomba huku na huku, akalikwaruza kidogo kwa ukucha.

"Mbona hawakulimaliza?" akauliza. "Rangi ya juu bado?"

"Ukiona cheusi kinang'aa, hicho ni kiatu," Suleimani akamjibu. "Huu ni weusi uliotulia."

Ieleweke kwamba jiko lililofungwa bomba hilo lilikuwa halipikiwi. Nyumba ya Suleimani, kama nyumba nyingi za watu waliojaaliwa kidogo, ina majiko mawili. Lipo la ndani, lenye makabati na vigae, la kuonyesha wageni. Na lipo la uani, lenye mafiga, kinu na mbuzi ya kukunia nazi, la kupikia chakula. Bomba jeusi likakaa la ndani. Vyombo vikaendelea kuoshewa uani, kwenye koki ya zamani iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, ambayo haikuwahi kulalamika wala kusifiwa.

Kisha zikaja sheria. Bomba lisiguswe kwa vidole, kwa sababu vidole vina mafuta. Anayelazimika kulifungua alifungue kwa kiwiko. Mtu asikohoe karibu nalo. Kila jioni baada ya swala ya alasiri, Suleimani aliingiza watu jikoni kwa zamu waje walione, na wote walitembea kwa adabu kama wamekwenda kumjulia hali mgonjwa.

Jirani yake Abrahamu, Mlutheri mwenye sauti nzito ya kwaya na rafiki yake wa kucheza bao, alilitazama kwa muda.

"Linatoa maji?" akauliza.

"Abrahamu, hilo ni swali gani?"

"Nauliza tu. Maana hata la kwangu linatoa."

Suleimani alimsamehe. Alijua watu wa bara wanahitaji muda kidogo kuelewa mambo, ingawa Abrahamu alizaliwa palepale Tanga na babu yake ndiye aliyetoka bara kuja kukata mkonge.

Sasa, maji ya nyumba ile yanatoka kwenye kisima alichochimba Suleimani mwenyewe, ambacho nacho alikisifia mwaka mzima kabla ya bomba kuja kukipokonya nafasi. Ni maji mengi, ni baridi, na yana chumvi ya kutosha kuungia mchuzi. Tone moja likikauka linaacha doa jeupe. Kwenye koki ya uani madoa hayo hakuna aliyewahi kuyaona. Kwenye bomba jeusi yalionekana kutoka sebuleni.

Asmahani ndiye aliyelisema kwanza, akipita na ungo wa mchele.

"Baba Shadya, bomba lako limeota mvi."

Maneno yale yalimwingia vibaya, kwa sababu Suleimani mwenyewe ana mvi kwenye masharubu. Huwa anazificha kwa piko inayobaki kwenye bakuli la mkewe, ile rangi nyeusi wanayochorewa maharusi, na anaamini hakuna anayejua. Usagara nzima inajua. Kuna Ijumaa nyingine piko humteleza ikamfika mdomoni, akashinda kutwa kama aliyelamba chungu.

Akaanza kulifuta bomba. Akalifuta asubuhi, akalifuta mchana, akalifuta kwa fulana yake safi iliyoanikwa. Lakini kila likifunguliwa, mvi zilirudi. Mwisho alipata dawa ya hakika, akapiga marufuku kulifungua. Tangu siku hiyo bomba likafanya kazi ya picha ya ukutani, na watu wakazoea kupita mbali nalo.

Mambo yangebaki hivyo, kama isingekuja posa.

Shadya, binti yao wa pekee, alikuwa amependana na kijana wa Maramba anayeitwa Sabiri. Watu wa heshima, wenye ng'ombe na machungwa. Baba yake Sabiri alishafariki, kwa hiyo mwenye kauli alikuwa baba yake mkubwa, Mzee Idarusi. Na huyu Idarusi alikuwa na ugonjwa mmoja unaojulikana kuanzia Maramba mpaka Muheza, nao ni kwamba hapatani na majivuno. Aliwahi kunyanyuka kwenye posa ya mtu, kofia mkononi, kwa sababu baba wa binti alisifia gari lake kabla ya kumsifia binti. Binti yule aliolewa kwingine, na kijana aliumwa mwezi mzima.

Kwa hiyo siku chache kabla ya wageni kufika, Shadya alimfuata baba yake barazani.

"Baba, nina ombi moja. Siku hiyo usiliseme bomba."

"Nisiliseme vipi?"

"Usiliseme kabisa, baba. Hata jina lake usilitaje."

Suleimani alitaka kucheka, lakini akaona sauti ya binti yake inakatika na macho yamejaa. Mtoto alikuwa na hofu ya kweli. Akajiona mdogo ghafla. Alimpenda Shadya kuliko bomba, hilo halina ubishi, ingawa zipo siku ilibidi ufikiri kidogo. Akamshika bega.

"Wallahi sitalisema, mama. Neno halinitoki."

Na alimaanisha. Lakini usiku ukimkuta mtu wa namna ile kitandani, akili yake haikai bure. Akaona kwamba kiapo kimefunga mdomo tu. Macho ya wageni hakuyaapia. Kama yeye hatasema, basi bomba liseme lenyewe, na ili liseme vizuri ni lazima liwe safi.

Alhamisi, wanawake wakiwa uani wanachambua mchele, Suleimani alijifungia jikoni na malimau na stilwaya ya kusugulia masufuria. Akasugua kwa nguvu zote za mtu aliyestaafu bila kuchoka. Mvi zikatoka. Akafurahi, akaongeza nguvu. Weusi nao ukatoka.

Alipoondoa mkono, shingo ya bomba ilikuwa na kipande cha shaba kilichotokeza njano, kama ndizi iliyomenywa nusu. Suleimani akakaa chini kwenye vigae. Hakulala vizuri usiku ule, na mkewe alidhani ni huruma ya kumwoza binti.

Ijumaa asubuhi alipita chumba cha Asmahani na kuliona bakuli la piko, limeshakorogwa kwa ajili ya bibi arusi wa Ngamiani. Akasimama. Akalitazama bakuli, akajishika masharubu, na hesabu ikakaa sawa kichwani mwake. Piko inaficha mvi. Piko ikiingia mkononi mwa bibi arusi, bibi arusi anapika, anafua, anaosha vyombo, haitoki. Kama haitoki kwenye mkono unaosugua masufuria, itatokaje kwenye bomba ambalo halifanyi kazi yoyote?

Wengine wangejiuliza kama ngozi na shaba ni kitu kimoja. Suleimani hakutaka kujichanganya. Alivaa mfuko wa mkate mkononi asichafuke, akachukua mswaki wa zamani, akalipaka bomba lote kuanzia shina mpaka mdomo. Kisha akalipepea kwa kipepeo cha jikoni. Lilipokauka lilikuwa jeusi kuliko siku lilipotoka dukani. Machozi yalimlenga, na hakuyaonea haya.

Wageni walifika baada ya swala ya Ijumaa. Mzee Idarusi, mrefu, mkavu, kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na nyuma yake wazee wenzake wawili. Upande wa nyumba walikaa Suleimani na Abrahamu, aliyealikwa kwa ujirani. Wanawake walikuwa nyuma ya pazia la chumba cha pili, na pazia lilikuwa linapumua.

Salamu zikachukua nafasi yake. Wakaulizana hali ya Maramba, hali ya mvua, hali ya ng'ombe mmoja mmoja. Kisha Idarusi akakohoa.

"Kijana wetu amekua," akasema. "Anatafuta jiko. Tumesikia hapa lipo."

Magoti ya Suleimani yaliinuka yenyewe, tayari kuwapeleka wakalione. Abrahamu akamvuta kanzu. Suleimani akakumbuka kwamba hii ni lugha ya posa tu, akakaa.

Akajibu vizuri, tena kwa maneno machache ambayo mkewe hakuwahi kuyasikia kwake. Alisema binti amelelewa kwa adabu, amesoma, anaheshimu wakubwa, na akiulizwa atasema mwenyewe. Binti akaulizwa, akanyamaza ule unyamavu wa kukubali. Idarusi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ikabaki chakula, kahawa, na dua ya kuifunga shughuli.

Pilau ikaja. Lakini kabla Suleimani hajajiweka sawa, dada yake Hafsa alishapita na birika na beseni, akawanawisha wageni wote palepale walipokaa, kama watu walivyonawishwa tangu enzi. Suleimani alilitazama lile birika kwa uchungu. Akala pilau bila kuisikia ladha, akisubiri watu washibe.

Waliposhiba, Hafsa akainuka tena na beseni lake. Safari hii Suleimani alimtangulia.

"Karibuni ndani mkanawe," akasema.

"Beseni hakuna?" Idarusi akauliza.

"Lipo. Lakini karibuni tu."

Nyuma ya pazia mtu alivuta pumzi kwa nguvu. Suleimani akaisikia, akajitetea moyoni kwamba hajavunja kiapo, maana neno bomba halijamtoka.

Wakaingia jikoni mmoja nyuma ya mwenzake. Suleimani akatangulia, akalifungua kwa kiwiko, akanawa, akalifunga kwa kiwiko, ili waone taratibu. Kisha akawapisha.

Idarusi ni mtu wa mabomba ya kuzungusha. Alitafuta pa kuzungusha, akakosa, akalikamata bomba shingoni kwa mikono miwili na kulisokota kama anayemchinja kuku. Baadaye akaupata ule mkono wa juu, akaushika kwa kiganja kizima. Maji yakatoka. Mzee wa pili akalishika, wa tatu akalishika, na Abrahamu, aliyekatazwa kuligusa tangu siku ya kwanza, akalishika kwa kiganja chote na kuchelewa kuliachia. Maji yaliyoingia kwenye sinki yalikuwa ya kahawia kidogo. Suleimani akaangalia dari.

Idarusi akalitazama bomba kwa makini, na Suleimani akasimama wima kuipokea sifa.

"Poleni," Idarusi akasema. "Jiko liliwahi kuwaka moto?"

"Moto?"

"Naona bomba limeungua."

Hapo ndipo Suleimani alipojua uzito wa kiapo. Maneno yalimjaa kifuani, ya weusi uliotulia, ya Mombasa, ya wenzetu wa siku hizi. Akayameza yote, moja baada ya jingine, na yakashuka kwa shida kuliko pilau.

"Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia," akasema.

Wakarudi sebuleni. Kahawa ikaja na halua. Hapa inafaa kusema jambo moja ambalo wanawake wote wa pwani wanalijua na Suleimani hakujisumbua kuuliza. Piko ikigusa ngozi haijitangazi. Inaanza kama vumbi la kahawia, unanawa, unadhani umeimaliza. Kisha inakolea polepole, wewe unakunywa kahawa.

Vikombe vikazunguka. Idarusi akalegea, akacheka hata mzaha wa Abrahamu. Akasema mwisho wa yote ni kumwomba Mungu, tuinue mikono.

Wakainua mikono. Viganja vikaelekea juu, Idarusi akaanza kwa sauti tulivu, na macho yake yakashuka kwenye viganja vyake mwenyewe. Sauti ikakatika. Viganja vilikuwa vyeusi kama vya mchoma makaa. Akageuka kulia, viganja vyeusi. Akageuka kushoto, viganja vyeusi. Abrahamu, aliyekuwa amefumbata mikono yake Kilutheri, akaifumbua taratibu, akaifumba tena.

Viganja safi vilikuwa viwili tu sebuleni, navyo ni vya mwenye nyumba.

"Suleimani," Idarusi akasema.

"Naam, mkwe."

"Wewe umenawa wapi?"

Wazee wote walikuwa wanakitazama kiwiko cha kanzu nyeupe ya Suleimani, kilichokuwa cheusi mpaka karibu na bega.

Asmahani akatoka nyuma ya pazia kabla hajaitwa, kitenge kimefunika kichwa vizuri. Alikuwa ameshaliona bakuli lake asubuhi na kujiuliza lilikopungukia. Akakitazama kiganja cha Idarusi kutoka mbali kwa adabu, kama fundi anayeitambua kazi.

"Shikamoo, ami," akasema. "Hiyo ni piko."

"Marahaba. Piko hii ya wanawake?"

"Ya maharusi, ami."

"Inatoka lini?"

"Itachoka yenyewe. Leo haitoki."

Idarusi akashusha mikono. Akaichukua kofia yake kutoka kwenye mkono wa kiti.

"Yaani sisi tumekuja kuposa," akasema, "na tunarudi tumeshapambwa."

Akasimama. Wazee wenzake nao wakasimama. Nyuma ya pazia kilio kimoja kidogo kilitoka na kuzibwa, na Suleimani alikijua kilio hicho tangu kilipokuwa cha mtoto wa kubebwa mgongoni. Kilimkata maini. Maneno yote aliyokuwa nayo maishani, ya kisima, ya bomba, ya Horohoro, hakuona hata moja la kumsaidia, ikabidi atumie la kweli.

"Mzee Idarusi, nililipaka mimi," akasema. "Lilikuwa jeusi tangu dukani. Maji yangu ya chumvi yakaliotesha mvi, nikalisugua, rangi ikabanduka. Nikachukua piko ya mke wangu. Nilitaka mlione. Mwanangu aliniapisha nisilitaje, na sikulitaja. Kosa ni langu peke yangu, usimhesabie mtoto."

Idarusi alikuwa ameshafika mlangoni. Akageuka.

"Kwa hiyo halikuungua?"

"Halikuungua."

"Ulilinunua likiwa vile vile?"

"Vile vile."

"Kwa pesa?"

"Kwa pesa, mkwe."

Idarusi akawatazama wenzake. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Suleimani akadhani ni hasira. Kumbe mzee alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akarudi kitini, akajifuta machozi kwa mgongo wa mkono, maana kiganja hakukiamini tena.

"Nilidhani ni mtu wa majivuno," akawaambia wenzake. "Mtu anayetoa pesa yake kununua bomba lililoungua hana majivuno, ana tatizo. Na mwenye tatizo hakimbiwi. Inueni mikono."

Wakainua ile mikono yao myeusi, dua ikasomwa mpaka mwisho, na nyuma ya pazia wanawake wakapiga vigelegele vilivyosikika mpaka kwa wauza mihogo wa barabarani.

Ijumaa iliyofuata, kule Maramba, watu walioswali pembeni mwa wazee watatu wenye mikono ya bibi arusi walipata taabu kubwa ya kutocheka. Abrahamu naye, Jumapili, aliimba kwaya mikono ikiwa mfukoni, na mkewe Devota alimwambia kama ameamua kuolewa amjulishe mapema.

Siku ya mahari ilipofika, upande wa kijana ulikuja na kila kitu kinachotakiwa na desturi. Mahari ya binti ikatolewa. Mkaja, zawadi ya mama wa binti, ukatolewa, umekunjwa vizuri kwenye kitambaa cha hariri. Kisha Idarusi mwenyewe akainuka na boksi kubwa lililofungwa kwa karatasi ya maua, akaliweka mbele ya Suleimani.

"Na hiki ni kilemba cha baba," akasema. "Kifungue, watu waone."

Suleimani alikuwa hajagusiwa habari za bomba tangu siku ile, na moyo wake ulikuwa umeanza kupata nafuu. Akakaa vizuri. Akasafisha koo, akatazama kushoto na kulia kuhakikisha wote wanaona, akaichana karatasi.

Ndani mlikuwa na birika na beseni la kunawia. La plastiki. Jeusi, lisilong'aa hata kidogo.

"Nimezunguka sana kulipata," Idarusi akasema. "Wauzaji wote walinionyesha ya rangi. Nikawaambia hapana, mkwe wangu anapenda weusi uliotulia."

Sebule nzima ikaanguka vicheko. Suleimani akamtazama mkewe, kisha Abrahamu, maana ndio waliokuwa wakiyasikia maneno hayo kila siku, na wote wawili walikuwa wameinamisha vichwa kwa adabu. Hafsa akalijaza birika kwa maji ya kisimani, na kilemba kikazinduliwa palepale. Suleimani akanawishwa wa kwanza, mbele ya wakwe, kwa vidole vyake vyote kumi.

Mwishowe alikubali kwamba si birika baya. Lina umbo. Jioni, wageni walipoondoka, alilibeba mwenyewe mpaka uani, akaligeuzageuza kwenye mwanga, na kabla hajajizuia akamwita Abrahamu juu ya ukuta aje alione.

Abrahamu akachungulia, akalitazama kwa muda.

"Zuri," akasema. "Lakini pale mdomoni naona limeanza kuota mvi."

Suleimani akainama kutazama. Asmahani akaliacha jungu la mchuzi kwenye mafiga, akakimbilia chumbani kuficha bakuli lake la piko.